Twiga hajaongeza hata pingili moja ya shingo. Kwa nini? (Uzi mrefu kidogo, kaeni mkao wa kusoma)

MwlBaiolojia (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nafundisha Baiolojia sekondari huku Kanda ya Ziwa, mwaka wa 11 sasa. Kila nikifika mada ya mageuko Kidato cha Nne, twiga anaingia darasani. Mnamkumbuka: Lamarck alisema twiga alijinyoosha kufuata majani ya juu, watoto wakarithi shingo iliyonyooshwa. Darwin akasema hapana, walizaliwa twiga wa shingo tofauti tofauti, na wale wa shingo ndefu ndio walioishi na kuzaa zaidi. Wanafunzi wanakariri, wanapata alama zao, wanaondoka. Lakini ukiwabana kidogo unagundua kwamba vichwani mwao hao mabwana wawili wanasema kitu kimoja: mnyama akihitaji kitu, kitakuja tu, ni suala la muda.

Mwaka huu binti mmoja wa dawati la nyuma akaniuliza: "Mwalimu, kama shingo ndefu ilikuwa na faida, twiga ameongezewa mifupa mingapi?"

Nikamjibu: hata mmoja. Twiga ana pingili saba za shingo. Wewe unazo saba. Mbuzi saba, popo saba, panya wa darini saba, na nyangumi, ambaye shingo yake huioni kabisa, naye saba. Alichofanya twiga ni kurefusha kila pingili, hadi moja ikapita sentimita 25. Shingo ya mita mbili, vipande vilevile saba.

Akauliza tena: "Kwa nini asiongeze?" Kengele ikalia.

Swali lile limenikaa. Nimerudi kwenye vitabu na makala kwa wiki kadhaa, na naona tunaifundisha mada hii nusu. Tunafundisha uteuzi asilia kama vile ni fundi aliyepewa duka zima la vifaa. Ukweli ni kwamba uteuzi unachagua kati ya vile vilivyozaliwa tu. Ambacho hakijazaliwa hauwezi kukichagua, hata kingekuwa na faida kiasi gani. Na kinachozaliwa hakitokei sawasawa kila upande: kuna mabadiliko yanayojitokeza kila siku, kuna yanayojitokeza mara moja kwa miaka maelfu, na kuna ambayo mwili wa aina ile hauwezi kuyatoa.

Kabla sijaendelea, jaribuni hili. Nendeni buchani mwombe shingo ya mbuzi nzima, mwambieni asiipige panga. Ichemsheni mpaka nyama iachie. Pingili ya kwanza mtaijua, imetanuka pande mbili kama mbawa za kipepeo, ndiyo inayobeba kichwa. Ya pili ina jino linaloingia ndani ya ile ya kwanza, hapo ndipo kichwa kinapogeukia kushoto na kulia. Hesabuni kuteremka mpaka mfike pingili inayobeba ubavu. Hiyo sasa ni ya kifua, msiihesabu. Mkipata tofauti na saba, rudini hapa.

Mama Wawili

Mwalimu, Jumapili napika supu. Nitaleta majibu. Ila hujajibu swali la binti bado.

SwaliGumu

Mkuu, naomba nipinge mapema. Nyoka ana pingili zaidi ya 200, wengine wanapita 300. Kama nyoka ameongeza, basi hakuna kizuizi chochote. Pengine twiga hakuhitaji tu.

MwlBaiolojia

Mama Wawili, nalileta. SwaliGumu, hoja yako ni nzuri na inanisaidia.

Pingili hazitengenezwi mtoto akiwa amekamilika. Kiinitete kikiwa kidogo kuliko punje ya mchele, nyama ya mgongoni hukatika vipande vipande kwa zamu, kuanzia kichwani kwenda mkiani, kama mtu anavyokata muwa pingili kwa pingili. Kuna jeni zinazowaka na kuzimika kwa mapigo, kama saa. Kwa nyoka saa ile inapiga haraka zaidi ikilinganishwa na kasi ya ukuaji wake, kwa hiyo muwa uleule unakatwa vipande vingi vidogo. Kwa hiyo kuongeza pingili kama pingili ni jambo linalowezekana, na wanyama wengi wameongeza.

Hata mamalia wanaongeza! Wanaongeza kifuani, kiunoni na mkiani. Shingoni wanakataa. Hapo ndipo penyewe.

DaktariWaMifugo

Naomba nichangie, maana hili nimelishika kwa mikono. Nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia, ambaye ndiye asili ya nguruwe wa kufugwa, ana pingili 19 za kifua na kiuno kwa pamoja. Nguruwe wa kibiashara wanaofugwa leo wana 21, 22 hadi 23. Wafugaji walikuwa wanachagua nguruwe warefu kwa sababu mwili mrefu una nyama zaidi, na bila kujua wakawa wanachagua wale wenye pingili za ziada. Kwa hiyo hiyo kitimoto mnayokula ina mifupa ambayo babu yake wa porini hakuwa nayo.

Na shingo zao? Saba. Nimepasua nguruwe wengi, wa kienyeji na wa kizungu, sijakuta nane.

MwlBaiolojia

Daktari, asante sana, mfano huo sikuwa nao, kesho unaingia darasani.

Sasa jibu la binti. Kila eneo la uti wa mgongo hupewa "anwani" na kundi la jeni liitwalo Hox. Ndizo zinazosema: hapa ni shingo, hapa ni kifua, hapa weka ubavu, hapa usiweke. Ili shingo ipungue au iongezeke pingili, lazima anwani zisogee. Na anwani zikisogea kuelekea kichwani, kwa mfano, pingili ya saba hujikuta inadhani ni ya kifua na kuota ubavu. Hali hiyo ipo kwa binadamu, ni ubavu wa shingo. Kwa watu wazima ni nadra, kama mtu mmoja kati ya 100 au pungufu. Wengi huwa hawajui kabisa, na wachache hupata ganzi mkononi kwa sababu ubavu ule unabana neva na mishipa ya damu.

Mtafiti wa Uholanzi, Frietson Galis, na wenzake wakaenda kuangalia upande ambao wengi hatuangalii: watoto waliofia tumboni au mara tu baada ya kuzaliwa. Huko mbavu za shingo hazikuwa nadra hata kidogo. Zilikutwa kwa karibu nusu yao, mara nyingi zikiambatana na kasoro nyingine za moyo, figo au viungo. Zimehusishwa pia na saratani za utotoni. Ubavu wenyewe haumuui mtoto. Ni kwamba jeni zilezile, saa zilezile, zinashughulika na mambo mengine mengi mwilini, na ukizigusa hapo umegusa nyumba nzima. Ni kama kutaka kuhamisha swichi ya sebuleni ukakuta waya wake umepita kwenye nguzo inayobeba paa.

Kwa hiyo, SwaliGumu, si kwamba twiga hakuhitaji. Shingo yenye idadi tofauti na saba inajaribiwa kila siku, kwa twiga, kwa mbuzi na kwetu sisi. Inakataliwa tumboni, kabla jua halijamwona mtoto. Uteuzi wa majani ya juu ya mgunga haukupata nafasi ya kuipima.

Kijana wa Kirumba

Duh. Mwalimu mimi nilidhani uteuzi asilia ni simba na swala. Kumbe unaanzia tumboni.

SwaliGumu

Nimekubali kwa nusu. Je, hakuna mamalia hata mmoja aliyevunja hiyo kanuni ya saba?

MwlBaiolojia

Wapo. Kundi la kwanza ni slothi, wale wanyama wa Marekani ya Kusini na ya Kati wanaoning'inia mitini na kwenda polepole mno. Wa vidole vitatu huwa na pingili nane, tisa, mpaka kumi. Wa vidole viwili huwa na tano hadi saba. Kundi la pili ni manati wa Atlantiki, mwenye sita. Na huyu ananivutia zaidi kwa sababu ana ndugu huku kwetu, nguva, ambaye bado huonekana kwa nadra maeneo ya Mafia na mdomo wa Rufiji. Nguva ana saba kamili.

Maelezo ya Galis ni kwamba slothi na manati wana maisha ya taratibu sana, miili yao huchoma nishati kidogo, na hali hiyo hupunguza makali ya yale madhara yanayoambatana na anwani kusogea. Mimi naona ni maelezo mazuri, ila bado yanajadiliwa. Wengine wanaoangalia slothi wanasema mpaka wa shingo haukusogea, kilichosogea ni mbavu na mabega.

Na twiga mwenyewe ametafuta njia ya panya. Watafiti wa Japani walichunguza pingili yake ya kwanza ya kifua wakaona inacheza kuliko ya wanyama wa karibu naye. Ina ubavu, kwa jina ni ya kifua, lakini inafanya kazi karibu kama ya shingo na inamwongezea kufika juu na kufika chini anapokunywa maji. Mlango ulipofungwa amepita dirishani. Hili ndilo napenda wanafunzi walione: kizuizi hakimsimamishi kiumbe, kinampindisha njia.

Mchamungu

Wapendwa, mimi naamini Mungu aliumba kila kiumbe kwa ukamilifu. Mnaposema shingo "imekataa", mnamaanisha Mungu alishindwa? Nauliza kwa nia njema.

MwlBaiolojia

Ndugu yangu, swali zuri na nalipokea kwa heshima. Uzi huu hauamui nani aliumba. Mimi mwenyewe ni mtu wa ibada. Ninachoeleza ni namna miili inavyojengwa na kurithiwa, jambo ambalo unaweza kulishika kwa mkono buchani. Mwenye imani na asiye nayo wote watahesabu saba.

DaktariWaMifugo

Mwalimu, kwa kuwa tupo shingoni, usiiache neva ya zoloto. Hii ilinishangaza nikiwa mwaka wa pili chuoni na bado inanishangaza.

Kwa wasioijua: zoloto ndicho kile kisanduku cha sauti kilichopo kooni. Neva inayokiendesha inatoka kwenye ubongo. Kutoka ubongoni hadi zoloto ni mwendo mfupi sana. Lakini neva hii, ile ya upande wa kushoto, haikati pale. Inateremka shingo nzima, inaingia kifuani, inazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, halafu inapanda tena shingo nzima kurudi kooni. Nimeifuata kwa kidole kwenye ndama aliyekufa, ni uzi mweupe kama kamba ya kiatu iliyochakaa. Kwa mbuzi ni kero ndogo. Kwa twiga ni safari ya mita kadhaa kwenda mahali palipo jirani na ilikotoka.

Na si kwamba haina gharama. Farasi warefu hupatwa na kupooza kwa neva hii, hasa ya kushoto ambayo ndiyo ndefu, na wakikimbia pumzi zao hutoa mlio mkali. Kwa binadamu, mshipa mkuu wa damu ukivimba kifuani mtu anaweza kupoteza sauti, sauti ambayo iko kooni! Na madaktari wanaopasua tezi la shingo huwa makini mno na neva hiyo.

Kijana wa Kirumba

Sasa kwa nini isikate kona mapema?

MwlBaiolojia

Mchukue sato, mfunue mashavu. Utaona matao ya yavuyavu yamepangana, kila tao na mshipa wake wa damu, na kila tao na neva yake inayopita nyuma ya mshipa ule. Kwa samaki ni njia ya moja kwa moja, moyo uko palepale chini ya mashavu, hakuna mzunguko wowote. Mababu wa wanyama wa nchi kavu walikuwa na mpango huohuo. Kisha shingo ikatokea, moyo ukateremka kifuani na kuvuta mishipa yake ya damu. Neva, iliyokuwa imepita nyuma ya mshipa mmojawapo, ikavutwa nao kama kamba iliyonaswa kwenye ndoano. Kila kizazi kilirefusha kidogo tu, milimita kwa milimita. Hakikuwahi kuzaliwa kiumbe ambaye neva yake ilichomoka ghafla kutoka nyuma ya mshipa na kupita mbele, kwa sababu katika kiinitete vitu hivyo viwili hujengwa pamoja, kimoja kikiwa tayari kimezunguka kingine.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni huu. Upande wa kulia neva huzunguka mshipa wa damu unaokwenda begani. Kuna watu wachache, chini ya mmoja kati ya 100, ambao mshipa ule wa kulia umeota kutoka mahali pengine kabisa na lile tao la zamani limetoweka. Kwa watu hao neva ya kulia haishuki kuzunguka mshipa. Inakata moja kwa moja kooni. Yaani ndoano ikiondolewa, kamba inakaa fupi.

Basi Kijana, njia fupi inawezekana. Lakini tiketi yake ni kuhamisha mshipa mkubwa wa damu, na kwa baadhi ya watu mshipa ule ukipita nyuma ya umio huleta shida ya kumeza.

SwaliGumu

Hapa nimeanza kuelewa. Ila naona mnachanganya mambo mawili. Shingo isiyo ya pingili saba inajitokeza na kufa. Neva ya mkato haizaliwi kabisa. Hivyo ni vizuizi viwili tofauti.

MwlBaiolojia

Umenisaidia kazi, mkuu. Ndiyo, na watu waliosomea wamegombana sana juu ya tofauti hiyo. Kwenye kizuizi cha kwanza uteuzi wenyewe ndio unaofuta, ila unafuta ndani ya mwili, bila kujali mazingira ya nje. Kwenye cha pili hakuna cha kufuta, malighafi haiji.

Mfano safi wa cha pili ni tandu. Akipita ndani ya nyumba watu wanakimbilia kandambili, lakini ukimpata aliyekufa hesabu jozi za miguu. Wale wakubwa wa huku kwetu, wa rangi ya kahawia na miguu ya njano au nyekundu, mara nyingi utapata jozi 21. Aina nyingine zina 15, nyingine 23, na wale wembamba wa ardhini wanafika mpaka 191. Namba zote hizo ni witiri. Kuna spishi zaidi ya 3,000 za tandu zinazojulikana duniani, na hakuna hata moja ambayo waliokomaa kwa kawaida wana jozi 20, au 50, au 100.

Hebu fikirini. Jozi 21 ina faida gani ambayo 20 au 22 haina? Sioni hata moja. Waliochunguza mayai ya tandu wa pwani za Uingereza waliona pingili nyingi zikijitokeza mbili mbili. Mashine inatoa jozi za pingili, na pingili ya mwanzo ya kiwiliwili imechukuliwa na makucha ya sumu, kwa hiyo za miguu zinabaki witiri. Mazingira yanaweza kuchagua tandu mrefu au mfupi. Hayawezi kuchagua tandu wa jozi 22 kwa sababu hakuna anayemleta.

Mvuvi wa Maktaba

Naomba nilete upande wa ziwani. Furu. Wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, waliokuwa spishi karibu 500 kabla sangara hajawamaliza wengi wao. Ziwa lilikauka na kujaa upya miaka kama 15,000 iliyopita, na furu wengi wamechipuka ndani ya muda huo mfupi. Ndugu zao wapo Ziwa Nyasa na Tanganyika, maziwa tofauti, koo zilizotengana kwa mamilioni ya miaka. Cha ajabu ni kwamba ukiwaweka pembeni pembeni unakuta walewale. Wa midomo minene wapo Victoria, wapo Nyasa, wapo Tanganyika. Wa milia ya urefu wapo kote. Wa nundu ya paji la uso wapo Nyasa na Tanganyika.

Jibu la haraka ni kwamba mazingira yanafanana, miamba ileile, chakula kilekile. Sawa. Lakini mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba milia ya urefu kwa furu wa Victoria na wa Nyasa inasimamiwa na jeni ileile moja, agrp2. Inafanya kazi kama breki: ikifanya kazi kwa nguvu milia inazimwa, ikilegea milia inatokea. Milia ilikuwa karibu, ni suala la kulegeza breki.

MwlBaiolojia

Mvuvi, huu ndio upande wa pili wa shilingi. Tumeongea sana juu ya milango iliyofungwa. Furu wanatuonyesha mlango uliorudishiwa tu, ukiusukuma kidogo unafunguka. Ndiyo maana koo mbili zilizotengana zinapita palepale.

Ila nisije nikawafanya mwone kizuizi kila mahali. Kuna kipepeo mdogo wa kahawia wa ukanda wetu huu, jina lake la kisayansi Bicyclus anynana, mwenye madoa kama macho kwenye mbawa. Mwaka 1988 walichukuliwa kutoka Malawi wakapelekwa Leiden, Uholanzi, na uzao wao umefugwa maabara tangu hapo. Kwenye bawa la mbele ana madoa mawili, dogo na kubwa, yote yametengenezwa na mfumo uleule wa jeni. Wakauliza: tukilazimisha moja likue na jingine lisinyae, yatakubali kuachana? Wengi wangebashiri yatakataa. Baada ya kuchagua kwa vizazi 25, madoa yakakubali kila upande: yote makubwa, yote madogo, la mbele kubwa la nyuma dogo, na kinyume chake.

Kisha wakajaribu rangi. Wakataka doa moja liwe na dhahabu nyingi na jingine liwe na weusi mwingi. Yalipotakiwa kwenda pamoja yalikwenda. Yalipotakiwa kuachana yakagoma. Kipepeo yuleyule, ukubwa wa madoa uko huru na rangi imefungwa. Huwezi kukisia ukiwa umekaa, inabidi ujaribu. Nawapenda watafiti wale kwa kuchapisha majibu yote mawili.

Mama Wawili

Haya yote ni mazuri, lakini mimi ni muuguzi. Yana msaada gani kwa mgonjwa?

MwlBaiolojia

Mama, yana msaada mkubwa, na wewe umeuona kwa macho yako wodini. Malaria.

Wakubwa mnaikumbuka klorokwini, uchungu wake na ile kuwashwa mwili mzima. Usugu dhidi yake ulionekana kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, mpakani mwa Thailand na Kambodia, na kule Kolombia. Afrika Mashariki ulifika mwishoni mwa miaka ya 1970. Nimesema ulifika, maana uchunguzi wa jeni umeonyesha vimelea sugu vya Afrika ni uzao wa wale wa Asia. Afrika ndiyo yenye malaria nyingi kuliko bara lolote, klorokwini imemezwa hapa kama karanga, na bado usugu wetu haukuzaliwa hapa, uliletwa. Ni kwa sababu usugu ule unadai mabadiliko kadhaa ndani ya jeni moja, na mengi yake yakitokea peke yake hayamsaidii kimelea. Njia ni nyembamba mno.

SP, dawa ya malaria yenye mchanganyiko wa salfadoksini na pirimethamini, nayo ilichukua nafasi, Kenya mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001. Usugu dhidi ya sehemu yake moja, pirimethamini, hupanda kwa hatua kwenye jeni moja, kila hatua ni badiliko kwenye kituo (nafasi) fulani: kituo cha 108, kisha 51 na 59, na mwisho 164. Hatua nne zinaweza kupangwa kwa njia 24. Watafiti walipozipima moja moja, nyingi zilikuwa vichochoro visivyopitika, kwa sababu hatua fulani ikija mapema kimelea hudhoofika. Karibu kila mahali duniani wameanza na 108. Ile ya 164 imetawala Asia ya Kusini-Mashariki na huku kwetu imebaki adimu. Kwa hiyo maabara ikichunguza damu za watoto inaweza kujua kimelea kimefika ngazi ya ngapi na hatua ipi inafuata. Hicho si kitu kidogo.

Na Malawi waliiacha klorokwini mwaka 1993. Kufikia 2005 walipoijaribu tena kwa watoto Blantyre, iliponya 99 kati ya kila 100. Usugu ulikuwa mzigo kwa kimelea. Dawa ilipoondoka, wale wachache waliobaki bila usugu walizaana na kuwapita wenzao.

DaktariWaMifugo

Na dawa mseto je? Maana habari za Rwanda si nzuri.

MwlBaiolojia

Hapo ndipo napata hofu, daktari. Usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, hutokana na badiliko moja tu kwenye jeni iitwayo K13, na yapo mabadiliko zaidi ya moja yanayofaa. Mlango ni mpana. Na kweli, mara hii hatukusubiri Asia: Rwanda ilitangaza mwaka 2020 vimelea vyenye badiliko la kituo cha 561 vilivyozaliwa palepale, Uganda wakapata ya kwao ya 675 na 469, na lile la 561 limeonekana pia Kagera. Hii ndiyo sababu dozi iliyokatishwa nusu inaniuma. Kwa dawa ambayo usugu wake uko hatua moja tu mbele, kila kimelea kinachobaki damuni kinapewa nafasi ya kujaribu.

Kijana wa Kirumba

Mwalimu nimemkuta tandu stoo. Nimemhesabu mara tatu. 21. Miguu ya mwisho ni mirefu kuliko mingine, nilidhani ni mkia.

MwlBaiolojia

Safi sana Kijana. Ile ya mwisho ni miguu, haitembelei, anashikia mawindo na kujilinda. Piga picha uiweke hapa.

Mama Wawili

Nimerudi. Shingo ya mbuzi: saba. Ile yenye jino nimeipata na mwanangu wa miaka tisa ameichukua, amelala nayo. Amehesabu na ya kuku, amepata 12, sasa anasema mwalimu ni mwongo.

MwlBaiolojia

Mwambie hajakosea, na mimi sijadanganya! Kuku ni ndege, kanuni ya saba haimhusu. Kwa kawaida ana 14, na ile shingo ya sokoni hukatwa juu na chini kwa hiyo mbili zimebaki huko. Bata maji wa Ulaya wanafika 22 hadi 25. Ndege wanaongeza na kupunguza pingili za shingo bila shida ile ya mamalia.

Swali lake linalofuata najua litakuwa: kwa nini ndege waweze na sisi tusiweze? Mwambie aje nalo. Binti wa dawati la nyuma ameshaniuliza hilohilo jana, na tumekubaliana Ijumaa tutapasua kuku mzima darasani.